Uboho ni wa kaka yake, mtoto atakuwa wa nani?

Swali: Mume wangu aliugua saratani ya damu, ile inayoitwa CML. Vidonge vilimsaidia kwa muda kisha vikashindwa, ikabidi apandikizwe uboho wa kaka yake mkubwa. Sasa ni mzima. Zamani kundi lake la damu lilikuwa AB, siku hizi kila akipimwa linasomeka O kama la kaka yake. Mimi pia ni O. Amepimwa mbegu, wakasema ni chache lakini zipo, na tunataka mtoto. Tatizo ni ndugu zake. Wanasema damu yake sasa ni ya shemeji, kwa hiyo mtoto tutakayempata kwa hesabu ni wa shemeji, na wanataka apimwe DNA akizaliwa. Wengine wananitisha kwamba mtoto atarithi saratani. Daktari alinijibu kwa kifupi kuwa DNA iliyobadilika ni ya damu, ya uzazi haikuguswa. Naomba unifafanulie tofauti hiyo.

Jibu: Dada yangu, nianzie kwenye jibu lenyewe ili mengine uyasome ukiwa umetulia. Mtoto atakuwa wa mume wako, si wa shemeji yako. Hitilafu iliyomletea mume wako CML haitamfikia mtoto huyo. Na liko jambo ambalo hukuuliza lakini linaweza kukuletea maneno siku ya kujifungua: kundi la damu la mtoto halitakuwa O. Litakuwa A au B. Kama hakuna aliyeandaliwa, wapo watakaotazama kadi zenu wawili, O na O, kisha watazame ya mtoto, waanze kunong'ona. Ndiyo maana nataka uielewe tofauti aliyokutajia daktari kiasi cha kuweza kumfafanulia mwingine.

Mwili wa mtu mzima una seli zipatazo trilioni 30. Karibu zote ni seli za mwili: za ngozi, ini, misuli, mifupa, ubongo, uboho. Zote chimbuko lake ni seli moja, yaani yai lililorutubishwa, ambalo liligawanyika likawa mawili, yakawa manne, yakawa manane, na kuendelea. Mgawanyiko huo huitwa mitosisi. Kabla ya kugawanyika, seli hunakili kromosomu zake zote 46, yaani nyuzi zilizobeba DNA yake, kisha kila seli changa hupata seti kamili. Kwa hiyo seli ya ngozi ya kidole chako na seli ya figo yako zina DNA ile ile. Kinachozitofautisha ni jeni zipi, yaani vipande vya maelekezo ndani ya DNA, zimewashwa na zipi zimezimwa. Mwaka 1996, katika taasisi ya Roslin huko Uskoti, alizaliwa kondoo Dolly kutokana na kiini cha seli ya kiwele cha kondoo mzima, na hapo ikathibitika kwa mamalia kwamba hata seli ya mwili iliyokwisha kukomaa bado imebeba maelekezo yote ya kumjenga mnyama mzima.

Uboho uko katika kundi hili la seli za mwili. Seli shina zake, yaani seli mama ambamo nyingine huzaliwa, huzalisha chembe nyekundu zaidi ya milioni 2 kila sekunde, bila kuhesabu chembe nyeupe na chembe sahani. Kabla ya upandikizaji, uboho wa mume wako uliangamizwa kwa dawa kali, na mahali pake zikaingia seli shina za kaka yake. Tangu siku hiyo, chembe za damu zinazozaliwa ndani yake zina asili ya kaka yake na DNA ya kaka yake. Ndiyo sababu kundi limegeuka kutoka AB kuwa O. Hapo ndugu zake hawajakosea hata kidogo. Wanakosea wanapodhani kuwa mtoto hurithi kutoka kwenye damu ya baba. Hakuna tone la damu ya baba linaloingia kwenye mimba. Kinachoingia ni mbegu moja tu, na mbegu haitoki kwenye uboho.

Inatoka wapi, basi? Ilitengwa zamani sana. Mume wako alipokuwa na wiki tatu hivi tumboni mwa mama yake, mwili wake mzima ukiwa na urefu wa milimita chache, seli kidogo ziliwekwa kando na zile nyingine zote. Hazikupewa kazi ya kuwa ngozi, wala damu, wala mfupa. Zilikaa nje ya kiinitete chenyewe, kwenye ukuta wa kifuko cha kiini cha yai, wakati wenzake wanaanza kujenga moyo na uti wa mgongo. Baadaye zikaanza kusafiri. Zilijongea zenyewe, seli moja moja, zikipitia kwenye utumbo uliokuwa unachipuka, hadi kwenye matuta mawili madogo ya nyama karibu na mahali figo zinapoanzia. Wiki ya tano au ya sita zikawa zimefika. Kwa mtoto wa kiume matuta hayo huwa korodani. Kwa mtoto wa kike huwa ovari. Nimeshasomesha habari hii mara nyingi, na bado nashangaa kila nikiieleza jinsi seli chache hivyo zinavyofika mahali pake.

Tangu hapo mume wako ana koo mbili za seli ndani ya mwili mmoja. Ukoo mmoja ni wa mwili: unakua, unafanya kazi, unaugua, unatibiwa, na siku moja unakufa pamoja naye. Ukoo wa pili ni wa uzazi, na huo peke yake ndio wenye njia ya kwenda kwenye kizazi kinachofuata. Uboho wa kaka yake uliingia mtu akiwa mzima, ukaingia kwenye ukoo wa kwanza. Koo hizo mbili zilikuwa zimeachana miaka mingi.

Mtu wa kwanza kulisema hili kwa uwazi alikuwa August Weismann, mwanabiolojia wa Ujerumani, katika miaka ya 1880. Wakati ule watu wengi, wakiwamo wasomi, waliamini kuwa yanayoupata mwili wa mzazi hupita kwa mtoto. Weismann aliwakata mikia panya weupe vizazi vitano mfululizo, na kati ya watoto 901 waliozaliwa hakuna hata mmoja aliyetoka na mkia uliopungua. Kwa maoni yangu jaribio hilo halikuwa hoja yake nzito kuliko zote. Uzito ulikuwa kwenye maelezo yake: seli za uzazi huzaa seli za mwili, lakini seli za mwili hazirudi kuzaa seli za uzazi. Kwa wanyama kama sisi, hilo limesimama hadi leo. Mimea ni habari nyingine, kwa kuwa haitengi seli za uzazi mapema. Tawi likipata badiliko la jeni, ua litakaloota kwenye tawi hilo linaweza kulipeleka badiliko hilo hadi kwenye mbegu.

Sasa tuje kwenye kundi la damu, maana hapo ndipo utaiona tofauti kwa macho yako. Jeni ya makundi ya ABO iko kwenye kromosomu ya 9. Kila mtu ana kromosomu ya 9 mbili, moja ya baba na moja ya mama. Mume wako alizaliwa AB, maana yake moja ina A na nyingine ina B, na ndivyo ilivyo katika seli zake za ngozi, za ini, na katika seli shina za korodani zake. Lakini mbegu haiwezi kubeba zote mbili. Ingebeba zote, na yai nalo likabeba zake zote, mtoto angekuwa na kromosomu 92, mjukuu 184. Kwa hiyo seli za uzazi, na hizo tu, zina mgawanyiko wa aina ya pili, meiosisi. Seli hunakili kromosomu zake mara moja lakini hugawanyika mara mbili. Jozi hutenganishwa, na kila mbegu hutoka na kromosomu 23, moja kutoka kila jozi. Nusu ya mbegu za mume wako zina A, nusu nyingine zina B. Hakuna yenye O, kwa sababu O haikuwahi kuwamo kwenye ukoo wake wa uzazi; iliingia kwa mrija siku ya kupandikizwa, ikaishia kwenye damu.

Wewe ni O, una O mbili, hivyo kila yai lako lina O. Mbegu yenye A ikikutana nalo, mtoto ni A. Ikiwa ya B, mtoto ni B. (Zipo hali adimu sana ambapo A na B hukaa kwenye kromosomu moja, lakini nisikusumbue nazo.) Yaani mtoto kuwa A au B hakutakuwa dalili ya kasoro yoyote. Litakuwa jambo la kutarajiwa kabisa kwa mtoto wa mume wako. Na angalia hili: kaka yake ni O, kwa hiyo mtoto wako na mtu huyo asingeweza kuwa kitu kingine chochote ila O. Kundi la damu la mtoto, ambalo wenye maneno wataligeuza kuwa tuhuma, ndilo litakalokutetea.

Huenda unajiuliza iweje ndugu wa baba na mama mmoja wawe mmoja AB, mwingine O, na bado uboho ukakubaliana. Ni meiosisi ile ile. Mmoja wa wakwe zako alibeba A na O, mwingine B na O. Kwa mume wako zilikutana A na B. Kwa kaka yake O na O. Upatanifu wa uboho hauamuliwi na ABO bali na jeni za HLA, zinazousaidia mwili kutambua seli zake na za mgeni, na hizo ziko kwenye kromosomu ya 6. Kila mzazi anazo seti mbili, anampa mtoto moja. Ndiyo maana nafasi ya ndugu mmoja kufanana kabisa na mwingine katika HLA ni moja kati ya nne. Kromosomu ya 6 na ya 9 hugawiwa kila moja kwa bahati yake, bila kufuatana. Mume wako na kaka yake walibahatika kwenye ya 6, wakaachana kwenye ya 9.

Ukihesabu jozi zote 23, mtu mmoja anaweza kutoa mbegu au mayai ya michanganyiko zaidi ya milioni 8, na hapo bado hujaingiza jambo jingine. Kabla ya kutengana, kromosomu mbili za jozi moja hulala ubavu kwa ubavu na kupeana vipande, kama nyuzi mbili za shanga zilizokatwa mahali pamoja kisha ncha zake zikaungwa kwa kubadilishana. Kwa hiyo kromosomu ya 9 itakayokuwamo kwenye mbegu ya mume wako yaelekea haitakuwa ya baba yake tupu wala ya mama yake tupu. Itakuwa mchanganyiko ambao haujawahi kuwapo kwa mtu yeyote. Seli za mwili hunuia kunakili bila kubadili kitu. Seli za uzazi huchanganya kwa makusudi.

Wewe na mume wako pia mnatofautiana katika namna ya kuifanya kazi hii. Yeye alianza balehe na anaendelea. Mbegu moja huchukua takriban siku 74 kutengenezwa, na seli shina za korodani hugawanyika tena na tena mwaka hata mwaka. Kila kunakili kuna nafasi ndogo ya kukosea. Ndiyo maana watoto wa baba mwenye umri mkubwa huwa na mabadiliko mapya ya jeni mengi kidogo, kiasi cha moja au mawili ya ziada kwa kila mwaka wa umri wa baba. Kila mtoto duniani huzaliwa na mabadiliko mapya kama 60 au 70, na mengi hayana athari yoyote. Mayai yako wewe yaliundwa kabla hujazaliwa. Ulipokuwa na miezi mitano tumboni, ovari zako zilikuwa na mamilioni yake, sita au saba hivi. Ulizaliwa na milioni moja au mbili. Yote yalianza meiosisi, yakasimama katikati, na yangali yamesimama. Yai utakaloliachilia mwezi ujao litamaliza mgawanyiko wake wa mwisho pale tu mbegu itakapoingia. Kusubiri huko kwa miaka ndiko kunakofanya jozi za kromosomu zishindwe kuachana vizuri kadiri umri wa mama unavyosogea, na ndiyo sababu kubwa ya mtoto kuzaliwa na kromosomu ya 21 tatu, yaani hali ya Down.

Je, haiwezekani seli chache za kaka yake zikajipenyeza hadi korodani, zikageuka kuwa mbegu? Swali hilo limefanyiwa kazi. Mwaka 2005 kundi la watafiti wa Marekani lilidai kwamba uboho wa panya unaweza kuzalisha mayai. Mwaka uliofuata wenzao waliunganisha mzunguko wa damu wa panya wawili kwa muda mrefu, kisha wakachunguza mayai yaliyotoka kwenye ovari. Hawakukuta hata moja lililotokana na seli zilizokuja kwa damu. Lipo jambo moja ambalo huwakanganya watu, nalo ni kwamba shahawa zenyewe zina chembe nyeupe za damu. Ukipima shahawa za mume wako unaweza kukuta humo DNA ya kaka yake. Lakini chembe nyeupe ina kromosomu 46, haina mkia, haina njia ya kuingia kwenye yai. Haizai.

Sasa habari ya saratani. Mwaka 1960, huko Philadelphia, Peter Nowell na David Hungerford waliona kwenye chembe za damu za wagonjwa wa CML kromosomu moja fupi isivyo kawaida, ikaitwa kromosomu ya Philadelphia. Mwaka 1973 Janet Rowley wa Chicago akaonyesha kilichotokea: kromosomu ya 9 na ya 22 zimekatika na kubadilishana ncha. Jeni mbili ambazo hazikuwa na sababu ya kukaa pamoja, BCR na ABL1, huungana, na protini inayotokana nazo huiamuru seli igawanyike bila kukoma. Mahali inapokatika kromosomu ya 9 pako karibu na ile jeni ya kundi la damu niliyoitaja juu.

Cha muhimu kwako ni kwamba hitilafu hiyo ilitokea ndani ya seli shina moja ya uboho, mume wako akiwa amekwisha kuzaliwa. Seli hiyo ikazaa wanawe wagonjwa ndani ya damu. Ukimpima mgonjwa wa CML seli za ngozi, hitilafu haimo. Hata pacha wanaofanana kabisa, mmoja akiwa na CML, pacha mwenzake hukutwa hana kromosomu hiyo. Mbegu zake hazikuipata, kwa sababu hazikutokana na seli ile.

Wanaokutisha hawakuzua jambo kutoka hewani, lakini. Saratani za kurithi zipo, kati ya asilimia 5 na 10 ya saratani zote. Mfano ulio wazi zaidi ni saratani ya jicho ya watoto, retinoblastoma. Mwaka 1971 Alfred Knudson alieleza kwamba ili uvimbe uanze, nakala zote mbili za jeni moja lazima ziharibike. Mtoto aliyezaliwa na nakala moja mbovu, iliyokuja kwa yai au kwa mbegu, anayo hitilafu hiyo katika kila seli ya mwili, hivyo kosa moja tu linatosha, na mara nyingi macho yote mawili huathirika. Mtoto aliyezaliwa na nakala mbili nzima anahitaji makosa mawili ndani ya seli moja, jambo gumu kutokea, na likitokea huwa jicho moja. Jeni za BRCA1 na BRCA2, katika saratani za matiti na ovari, hurithiwa kwa mtindo huo. Katika hali hizi kinachorithiwa ni nakala mbovu iliyomo kwenye seli ya uzazi. Uvimbe wenyewe haurithiwi. CML haimo kwenye orodha hiyo.

Mpaka kati ya koo hizi mbili, hata hivyo, una sehemu moja yenye ukungu, na ningekuficha kama nisingeitaja. Kosa likitokea mapema sana, kabla seli za uzazi hazijatengwa, linaweza kuingia kwenye koo zote mbili. Na likitokea ndani ya seli chache za korodani au ovari tu, mzazi atapimwa damu akutwe hana kitu, kisha azae watoto wawili wenye ugonjwa mmoja wa kurithi. Kwa hiyo kipimo cha damu si kila mara kinasema kilichomo kwenye mbegu. Kwa mume wako, hakisemi chochote kabisa.

Hapa naomba utulie, kwa kuwa sidhani kama kuna aliyekueleza. Tangu alipopandikizwa, kipimo chochote cha jeni kinachofanywa kwa damu ya mume wako kinampima kaka yake. Chukua selimundu. Tuseme mume wako alizaliwa AS, yaani amebeba jeni moja ya ugonjwa, na kaka yake ni AA, yaani hana jeni hiyo. Leo akipimwa damu atasomeka AA. Mtamshukuru Mungu na kwenda zenu, kumbe nusu ya mbegu zake bado zina S. Kama nawe ni AS, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kuleta mtoto mgonjwa. Tafuteni vipimo vyake vya kabla ya upandikizaji. Kama havipo, pima wewe kwanza: ukiwa AA, hakuna mtoto wenu atakayekuwa na selimundu hata kama baba amebeba. Ni kanuni ile ile inayowahusu wagonjwa wa selimundu wanaopata tiba ya kuhariri jeni, iliyoidhinishwa Uingereza na Marekani mwishoni mwa 2023. Mgonjwa hutolewa seli shina za damu, huhaririwa, hurudishiwa, na maumivu yanakoma au kupungua sana. Lakini bado kila mtoto wake atapokea S moja, kwa sababu kilichohaririwa ni damu.

Kuhusu DNA ya kuthibitisha ubaba, sikushauri uikatae wala uikimbilie. Ila mkiifanya, asitolewe damu. Maabara itasoma DNA ya kaka yake, na majibu yatasema aliyepimwa si baba ingawa ana undugu na mtoto. Baba na mtoto hushirikiana nusu ya DNA. Baba mkubwa na mtoto wa mdogo wake, wastani wa robo. Utakuwa umeletewa kwa karatasi uongo ule ule ulioukana kwa mdomo. Pamba ya shavuni nayo si ya kutegemea, maana mate yamejaa chembe nyeupe za damu. Kipimo cha kromosomu Y hakina msaada, kwa kuwa kaka wawili wa baba mmoja wana Y zinazolingana karibu kabisa. Shina la unywele ndilo bora, na maabara ielezwe mapema kuwa mtu huyu alipandikizwa uboho.

Kitu ambacho kweli kiliweza kugusa mbegu za mume wako ni dawa na mionzi ya kumwandaa kwa upandikizaji. Hizo hazichagui kati ya koo hizi mbili. Hupiga kila seli inayogawanyika haraka, na uchache wa mbegu zake pengine umetokana na hapo. Mbegu za leo zimezaliwa na seli shina zilizonusurika. Tafiti za watoto wa watu waliopona saratani, na zile za miaka mingi za watoto wa manusura wa mabomu ya Hiroshima na Nagasaki, hazijaonyesha ongezeko la wazi la kasoro za kurithi. Hata hivyo madaktari hushauri kusubiri, mara nyingi miaka miwili hivi baada ya upandikizaji, kwa kuwa hicho ndicho kipindi ambacho ugonjwa ukirudi hurudi zaidi. Muulizeni daktari wake pia kuhusu dawa anazotumia sasa, hasa za kutuliza kinga. Zipo ambazo hubadilishwa kwanza mtu anapotaka mtoto.

La mwisho ni la usalama wako. Hukuniambia kama wewe ni O chanya au O hasi. Kama ni hasi, ukianza kliniki utaulizwa kundi la mume ili ijulikane kama mimba inaweza kuwa ya Rh chanya na kama utahitaji sindano ya anti-D, inayozuia mwili wako kujenga kinga dhidi ya damu ya mtoto. Tuseme kaka yake ni O hasi: mume wako leo atasomeka hasi, na mhudumu anaweza kuamua kuwa sindano haina haja, wakati mbegu zake zinaweza kuwa na Rh chanya aliyozaliwa nayo. Wape kundi lake la zamani, AB na alama yake. Omba hospitali iliyompandikiza iandike barua fupi yenye tarehe ya upandikizaji, kundi lake la kuzaliwa na kundi la sasa, na nakala ikae kwenye faili lako la ujauzito tangu hudhurio la kwanza.